Tarishi wa Jumamosi

Siku sita mimi ni Kalunde wa ghala la tumbaku.
Napima marobota, naandika uzito, nakaa.
Nimekaa hadi kiti kimeota umbo langu,
hadi mgongo unalia kama bawaba ya mlango wa choo.
Na usiku, tangu Kasele azikwe,
nahesabu mabati badala ya kulala:
thelathini na manne, moja lina tundu.

Jumamosi, saa moja asubuhi,
nashuka kwenye pikipiki ng'ambo ya bwawa la Igombe,
najifunga kitambaa chekundu kipajini,
na Kalunde anabaki mkobani pamoja na simu.
Mimi ni Tarishi.

Nchi yetu haina ramani.
Mpaka mmoja ni kichuguu,
wa pili ni mninga uliopigwa radi,
wa tatu huhama Ndalahwa akichoka kukimbia.
Ndalahwa, fundi cherehani, ni mtemi wa magharibi;
taji lake ni gome la mti na vifungo vya makoti ya watu.
Mihayo analinda benki, mtu asiyecheka.
Huku ni mwizi wa mizinga,
na hucheka wizi wake mpaka tunajua alikojificha.
Mikuki yetu ni matete, ncha zake godoro bovu.
Ukiguswa bega umekufa:
unahesabu mia, unafufuka, unaomba maji.

Mwezi wa kwanza nilikufa kila hatua ishirini.
Pumzi ilikuwa ya kukopa,
magoti yalinisengenya waziwazi.
Siku moja nilikufa chali juu ya majani makavu,
nikaona, mara ya kwanza tangu nilipomaliza shule,
miyombo ikichipua wekundu kabla ya mvua,
kana kwamba msitu mzima umetajiwa mchumba.
Mia ikanipotea nikiwa arobaini na kitu.
"Tarishi, fufuka basi!" walipiga kelele.
Nilikuwa nimefufuka zamani. Nilikuwa natazama.

Mwezi wa tatu nilijua njia za swala.
Nilipita chini ya tawi bila kumwomba mgongo ruhusa,
nikanusa moshi wa warina asali kabla sijauona.
Mabati nikayaachia kwenye kumi na tisa,
halafu saba,
halafu sikumbuki.

Ndipo ikaja Jumamosi ile.
Kazi yangu: kuvuka mbuga, nisiguswe,
nimwambie mtemi wa magharibi kwamba ndugu yake amefariki.
Maneno nilipewa, mafupi, nikayabeba mdomoni kama yai.
Nilikimbia. Waliniwinda watatu, wakanikosa.
Nikafika, nikapiga goti,
nikafungua mdomo, yakatoka mengine:

"Mtemi, nilimfumba macho mwenyewe.
Nilipokea wageni, nikapika,
nikarudisha masufuria ya watu yakiwa yamesuguliwa.
Nilisaini karatasi zote.
Sijalia bado, Mtemi. Nilikuwa na kazi."

Mihayo akatoka kichakani na mzinga wake wa wizi,
akautua polepole.
Kama mtu angeniita Kalunde pale,
ningejifuta uso, ningeomba radhi,
ningepanda pikipiki, nisionekane tena.
Ndalahwa hakuvua taji.
Kifungo kimoja kilikuwa kinaning'inia kwa uzi.
"Tarishi," akasema, "kaa. Vita vitasubiri."

Vikasubiri.
Watu kumi na mmoja wenye mikuki ya godoro
walikaa chini majeshi mawili yamechanganyika,
na mimi nikalia kwa sauti niliyodhani nimeizika naye,
huku nyuki juu yetu wakiendelea na shughuli zao.
Baadaye mtu akagawa mihogo.
Baadaye tukapigana, nikafa mara mbili.

Jumatatu, hospitali ya Kitete,
nesi akanifunga kile kitambaa cha presha,
akatazama namba, akafungua, akafunga mkono wa pili.
"Mama, vidonge ni vilevile?"
Vilevile.
"Na kingine unatumia nini?"

Nikafikiri nimweleze mninga, kichuguu, mtemi na vifungo vyake.
Foleni ilikuwa ndefu.
"Nafukuzwa," nikasema.
Akaandika kitu. Sijui aliandikaje.